Kipupwe Kimeingia, Tutembee Karibu

Ndugu msomaji, haya ndiyo majira ya kipupwe. Mahindi yako ghalani au yanakaribia kuingia, watoto wamefunga shule kwa likizo ya katikati ya mwaka, na ukungu wa asubuhi hulala juu ya vilima vya Mbulu hata jua lipande sana. Ni wakati ambapo wazazi wengi hujiuliza wawapeleke wapi watoto. Jibu la kwanza aghalabu ni Arusha, au Ngorongoro, au kwa shangazi Dar es Salaam. Nauli ikishapigiwa hesabu safari hufa, na likizo hupita hivi hivi.

Wiki hii napenda tuitazame nchi iliyo mlangoni petu. Wageni huvuka bahari ili waione Hanang, na mtoto aliyezaliwa Dongobesh humaliza darasa la saba bila kuliona Ziwa Basotu. Hilo silioni kuwa jambo dogo.

Tuanze basi na Basotu. Ukitoka Haydom kuelekea Katesh njia inapita hapo, na ukitoka Katesh ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Eneo lote hili lina mashimo ya volkano za kale, na ziwa lenyewe lina maji baridi, tofauti na maziwa mengi ya bonde hili ambayo ni ya magadi. Ndiyo maana lina samaki. Ziwa hili lina sifa ya viboko pia, kwa hiyo watoto wasiruhusiwe kuchezea ukingoni, na mahali pa kukaa waulizwe wavuvi.

Nunua perege kwa wavuvi wenyewe. Mpare magamba, mtoe matumbo, mchanje ubavuni mara tatu, kisha msugue kwa chumvi na vitunguu saumu vilivyopondwa. Mwache kidogo, halafu mbanike juu ya makaa yasiyo na moto mkali. Beba viazi vitamu vilivyochemshwa tangu nyumbani, na chakula cha mchana kimekamilika. Mama asiyechoka njiani kwa kubeba masufuria ndiye anayefaidi matembezi, na baba naye aelewe kwamba kupara samaki hakuhitaji cheti.

Njiani kwenda Basotu utapita kwenye mashamba makubwa ya ngano, na hapa msomaji nakuomba usinyamaze, kwa kuwa mtoto atauliza ni ya nani. Mweleze kwamba katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilipanua kilimo cha ngano katika uwanda huu mpaka yakawa mashamba saba, yenye ekari zipatazo laki moja. Taifa lilihitaji mkate, na ngano ilipatikana. Lakini uwanda huo ulikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao mifugo yao ilitegemea kuhama kwa majira kutoka nyasi hizi hadi nyasi zile. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua shauri, wakashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sehemu kubwa. Wabarabaig walilalamika pia kwamba plau za matrekta zilipita juu ya makaburi ya wazee wao. Kwa desturi yao mzee mwenye heshima hujengewa kaburi la tuta refu la udongo, na ukoo hukusanyika kwa miezi kadhaa kumtukuza. Enzi ya NAFCO imekwisha, mashamba yamebadili mikono, lakini mtoto anayekula mkate yafaa ajue habari za udongo ulioutoa.

Na mlima wenyewe? Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400, na kwa Wabarabaig ni mlima mtakatifu. Kuupanda hadi kileleni ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye mapafu, na ni hifadhi, hivyo kibali hutafutwa kwanza kwa watu wa misitu pale Katesh. Kwa familia yenye watoto wadogo sishauri kilele. Nashauri miteremko ya chini, polepole, mkiwa na mwenyeji anayejua majina ya makorongo.

Nasema makorongo kwa sababu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa njia za maji hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zikabaki bila nyumba. Tangu siku hiyo wako wazazi wasiopenda hata kuutazama mlima mawingu yakiukalia. Siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo mtoto anayeishi chini ya Hanang hapana budi aufahamu: wapi maji hupita masika, wapi tope lilisimama, wapi ni mwinuko wa kukimbilia. Kiangazi, makorongo yakiwa makavu, ndio wakati wa kumwonyesha kwa utulivu, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Ikiwa nyumbani kwenu yuko aliyefiwa siku ile, muulize kwanza kama angependa kuja. Asipopenda, mwacheni apumzike.

Upande wa pili wa mlima liko Ziwa Balangida, la magadi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Maji yakipungua, ukingo hubaki mweupe, na watu hukusanya chumvi. Watoto hupenda kukanyaga ganda lile lililokauka likivunjika chini ya nyayo. Waonjeshe chembe moja tu, kisha muwaulize kama wanaikumbuka ladha ile jikoni. Magadi hulainisha maharage na makande, nayo huokoa kuni. Lakini tusizidishe. Magadi mengi huharibu vitamini za kundi B katika chakula. Njia iliyo bora ni kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale; asubuhi yataiva upesi pasipo magadi.

Nikiwa jikoni bado, nina neno kuhusu ngwara. Katika wilaya zetu zao hili hustahimili ukame na kuurutubisha udongo, na wakulima wengi huliuza lote. Sehemu kubwa huvuka mpaka kwenda Kenya, ambako huitwa njahi na hupikiwa mama aliyejifungua apate nguvu. Sisi tunaozilima tunazidharau kwa uchungu wake, kisha tunakwenda dukani kununua maharage! Uchungu huo huondoka: chemsha ngwara, mwaga maji ya kwanza na ya pili, kisha ziendelee kuiva katika maji mapya, uunge kwa kitunguu na maziwa. Mama mwenye mtoto mchanga atenge japo debe moja kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.

Sasa tupande juu Mbulu. Hapa furaha kubwa ni kutembea kwa miguu, maana nchi yenyewe ni vilima. Nenda Kainam, Murray au Kwermusl, ambako Wairaqw wamelima mitelemko ileile kwa vizazi vingi, wakilinda udongo kwa matuta na samadi. Tafuteni mzee awaeleze nyumba za zamani. Zilichimbwa ndani ya ubavu wa kilima, paa likawa bapa na kufunikwa udongo, hata adui aliyekuja kuteka ng'ombe angeweza kukanyaga paa bila kujua. Watu na mifugo walilala humo pamoja. Mtoto aliyesikia habari hii akiwa amesimama juu ya kilima chenyewe haisahau. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna kitabu cha shule kitakachoeleza mlango wa nyumba ya babu yako ulitazama upande gani. Mwachie kijana wenu mwenye simu airekodi sauti ya mzee, kwa Kiiraqw kama ndiyo lugha anayoijua vyema.

Mtoto akilalamika kwamba miguu inauma, mpe habari za John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akaendelea, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wakati watu wengi uwanjani walikwisha ondoka. Kilima cha kwenda Kainam si kitu.

Mkirudi, piteni Bashay, ile ya Mbulu na siyo ya Karatu, mkanunue vitunguu saumu kwa wakulima. Chagua vichwa vizito vilivyokauka shingoni. Kilicho laini kitaoza kabla ya mwezi kwisha. Vifunge mafungu na kuvitundika jikoni mbali na mvuke, kamwe usivitie katika mfuko wa plastiki.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza namna ya kuhifadhi ngwara na maharage ghalani bila kubunguliwa.