Faili za biashara ziko mtandaoni, lakini ufunguo anao nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia mtandaoni, na rafiki yangu mmoja mfanyabiashara wa Kisumu amejifunza kwamba hata huko linaweza kupotea.

Anauza vifaa vya ujenzi mjini, na ana matawi madogo Ahero na Bondo. Karani wake, kijana mwerevu, alimfungulia akaunti ya kuhifadhi faili, akaweka humo orodha ya bidhaa, ankara na majina ya wateja wanaodaiwa. Maduka yote matatu yakawa yanaona hesabu moja kwa wakati mmoja. Kisha wakakosana kuhusu mshahara, kijana akaondoka. Kesho yake hakuna aliyeweza kufungua hata faili moja. Akaunti ilikuwa ya barua pepe ya kijana, na nambari ya kuithibitisha ilikuwa ya simu yake.

Kijana hakuiba kitu. Alipopigiwa simu alijibu, "Mzee, akaunti ni yangu tangu siku ya kwanza, na pesa zangu bado unazo." Ilichukua siku tisa na wazee wawili kupatanisha. Akalipwa haki yake, naye akakabidhi faili. Kwa siku hizo zote duka liliuza kwa kukisia.

Sisemi turudi kwenye karatasi. Kisumu inajua hasara yake. Maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yaliporwa na kuchomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Duka likiungua, kitabu cha madeni huungua nalo. Mwaka 2020 ziwa lilifurika na kuingia katika makazi na biashara za ufuoni. Sheria ya kodi nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na tangu Januari 2024 KRA inadai ankara za kielektroniki za eTIMS kwa sehemu kubwa ya gharama za biashara. Aliye na bahasha za risiti chini ya kaunta ana kazi.

Wapo wanaoogopa mtandao wenyewe, na hawajakosea kabisa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM, zinazofika nchi kavu huku kwetu Mombasa, zilikatika baharini na intaneti ikazorota hadi bara. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukasumbua tena.

Hilo lina dawa. Programu nyingi za aina hii hukuruhusu kubakisha nakala ya faili ndani ya kompyuta, ukafanya kazi bila intaneti, kisha mabadiliko yakapanda mtandao ukirudi. Lakini usidhani hiyo ni akiba. Ukifuta faili dukani, na kule juu inafutika. Kwa Google Drive, kilichotupwa hukaa siku 30 tu kabla ya kuondoka moja kwa moja. Kwa hiyo kila wiki chukua nakala kwenye diski ya nje, na isilale dukani.

Ugonjwa ulio mgumu zaidi ni umiliki. Katika akaunti ya kawaida ya bure, faili ni ya aliyeifungua, hata kama ameifungua kwa kazi yako na kwa bando lako. Na si madukani tu. Vikundi vya BMU vya Dunga na Usenge, vyama vya akiba, kamati za madrasa, vyote huchagua viongozi wapya. Je, katibu akiondoka, rekodi zinabaki na kikundi au zinaondoka na simu yake?

Sheria pia ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakufanya wewe mwenye biashara uwajibike kwa majina na nambari za wateja, hata zikikaa kwenye akaunti ya mtu aliyeacha kazi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Basi akaunti iwe ya barua pepe ya biashara, na nambari ya simu iwe ya biashara. Wasimamizi wawe wawili. Kila mfanyakazi aingie kwa jina lake na aone yanayomhusu tu, na siku anapoondoka mlango wake ufungwe. Na mshahara wake ulipwe kwa wakati, maana hakuna nywila inayotibu dhuluma.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu madeni: yaandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Rafiki yangu alikuwa na mwandishi mmoja na hakuwa na shahidi. Sasa binti yake ndiye msimamizi wa pili wa akaunti, na diski inalala nyumbani.