Mgeni wa Afya Naye Apewe Jembe

Kila mwaka vijana kutoka Ulaya na Marekani hufika Visiwani kujitolea katika kazi za afya, ikiwamo kuwaelimisha wananchi juu ya ukimwi. Wako wanaokaa mwaka mzima, na wako wanaokaa wiki mbili tu kisha wakarejea makwao. Nia yao ni njema, na si desturi yetu kumfukuza mgeni. Lakini wazee wetu walimkirimu mgeni siku mbili, siku ya tatu wakampa jembe. Hatuna budi kuuliza: huyu wa wiki mbili amepewa jembe gani?

Tangu wagonjwa watatu wa kwanza walipogunduliwa Unguja mwaka 1986, maambukizi Zanzibar yamebaki takriban mtu 1 au pungufu katika kila watu wazima 100. Hata hivyo, miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya hali ni mbaya zaidi. Maradhi yamejificha palipo na aibu.

Elimu ya ukimwi ya leo si kutisha watu. Ni kumshawishi mtu apime, aanze dawa, na azimeze kila siku. Maana anayezitumia hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na mama mjamzito anayetibiwa huweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Kazi hiyo haimalizwi kwa hotuba ya asubuhi moja.

Wako wasemao kwamba mgonjwa humfunulia mgeni siri kwa wepesi kuliko jirani. Ni kweli, kwani visiwa ni vidogo na macho ni mengi. Lakini mgeni asiyejua Kiswahili huipata siri hiyo kwa kinywa cha mkalimani, na mkalimani ndiye jirani yule yule aliyekuwa akiogopwa. Tena, mgeni akishaondoka, nani atakayebisha hodi kwa aliyeacha dawa?

Atakayebisha hodi ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia, awe wa Micheweni au Makunduchi. Huyu afundishwe na awajibishwe kutunza siri, na mgonjwa awe huru kuchukua dawa mbali na mtaa wake.

Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Afya iweke masharti yaliyo wazi. Mgeni atakayekutana na wagonjwa akae angalau miezi sita na ajifunze Kiswahili. Mwenye ujuzi lakini hana muda awafundishe wauguzi na mafundi wetu wa maabara, asipelekwe vijijini kuhutubu. Mgonjwa asipigwe picha. Na kila mgeni aache nyuma yake mwenyeji aliyeijua kazi.

Serikali nayo ina jembe lake. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, nchi nyingi zilitambua jinsi huduma zao zilivyoegemea mkono wa mwingine. Posho na usafiri wa wahudumu wa shehia viwe katika bajeti yetu wenyewe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mwenyeji atapona pale dawa yake itakapoendelea kumfikia baada ya mgeni kupanda ndege.