Aambiwe Kabla ya Kupanda Basi

Mtu wa Mbeya au Iringa atambuliwapo kuwa na saratani ya kinywa, ya koo au ya zoloto, na ikaamuliwa kuwa tiba yake ni mionzi, aghalabu hupewa barua ya rufaa iendayo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mahali ambapo asili yake ni hospitali iliyojengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19. Naye husafiri zaidi ya kilomita 800 akitoka Mbeya, au yapata 500 akitoka Iringa, akiteremka Kitonga na kuvuka Mikumi, hali amebeba hofu mbili, ya maradhi na ya gharama. Hofu ya tatu, ambayo kwa rai yangu ndiyo yenye hatari zaidi, bado haijui, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyeketi naye akamweleza.

Mionzi ya kichwa na shingo hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa juma, kwa majuma 6 au 7, na mara nyingi huandamana na dawa ya dripu iitwayo sisiplatini, ambayo huzidisha makali ya mionzi juu ya uvimbe. Juma la kwanza mgonjwa huona wepesi, hata akawapigia simu jamaa zake Mafinga kuwataarifu kuwa tiba yenyewe si kitu. Kufikia juma la pili au la tatu mambo hugeuka: utando laini wa kinywa na koo huwa mwekundu, kisha hubabuka ukawa vidonda, mate huwa mazito yenye kunata, halafu yakapungua, ladha hutoweka asitambue chumvi wala sukari, ngozi ya shingo husawijika na kubanduka, na kumeza funda la maji huwa adhabu. Dripu nayo huongeza yake, yaani kichefuchefu, kutapika, masikio kuvuma, figo kuelemewa, na chembe nyeupe za damu kupungua, hata homa ya nyuzi 38, ambayo mwingine angeilalia mpaka asubuhi, kwake ikawa dharura ya saa ile ile.

Sababu ya haya haina uchawi ndani yake. Mionzi huziumiza zaidi seli zenye kuzaana upesi, na utando wa kinywa hujifanya upya kila uchao, ndiyo maana huumia mapema. Lakini jamaa aliyemleta mgonjwa, akimwona mtu aliyeingia hospitali akila na kuzungumza sasa hawezi hata kumeza mate yake, hudhani maradhi yameenea, na shauri la kurejea nyumbani kupumzika, pengine kwa mganga wa miti shamba, likaonekana kuwa la insafu. Laiti wangejua kwamba kuanzia yapata juma la 4 seli za saratani zilizosalia huanza kuzaana kwa kasi zaidi kuliko awali, na kwa hiyo kila siku irukwayo huipunguza nafasi ya kupona!

Wala si shughuli ya Dar es Salaam peke yake. Vidonda havifungi siku mionzi inapokoma. Huendelea kwa majuma 2 hadi 4 zaidi, na baadhi huzidi hapo, kwa hiyo mgonjwa hushuka stendi ya Tukuyu au Ilula akiwa katika maumivu makali, akakutana na zahanati isiyojua alichotendewa. Yatakiwayo si makubwa: maji ya kusukutua yenye kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea katika lita moja, mara nyingi kwa siku, dawa ya utando mweupe wa fangasi uotao kinywani, na mofini ya maji kwa maumivu, ambayo baadhi ya watu huiogopa kuliko saratani yenyewe. Chakula kipo tele, parachichi la Rungwe, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, uji wa karanga uliosagwa laini, na asipoweza hata hivyo apitishiwe mrija puani, ambao si tangazo la mauti. Pilipili, tumbaku na pombe aviache. Najua kuna mzee wa Iringa atakayeniambia kuwa ulanzi ni chakula, nami sitabishana naye ila juu ya kidonda.

Barua ya rufaa huandikwa na tabibu kwa tabibu. Naomba hospitali zetu za rufaa ziandike na ya pili, kwa Kiswahili, ya mgonjwa na jamaa yake, itaje juma la tatu kwa jina, iwahimize kuuliza mapema juu ya meno mabovu, kwa kuwa yakihitaji kung'olewa hung'olewa yapata majuma 2 kabla ya mionzi ili fizi zipone. Na arudipo, aje na karatasi ya kumpa muuguzi wa zahanati yake, yenye tarehe ya mionzi ya mwisho, dawa alizopewa, na nambari ya simu ya kupiga homa ikipanda usiku.