Ganzi ya mikono huenda ikaashiria hatari ndani ya uti wa mgongo

MTU anayeshika sufuria ya moto bila kuhisi kwamba anaungua husifiwa kuwa na mikono iliyokomaa kwa kazi. Kwa daktari, hali hiyo huenda ikawa dalili ya maradhi ambayo yasipogunduliwa mapema humfanya mgonjwa ashindwe kufunga vifungo vya shati, na hatimaye kutembea.

Maradhi hayo huitwa siringomielia, jina lililotokana na maandishi ya daktari Mfaransa, Charles-Prosper Ollivier d’Angers, katika miaka ya 1820. Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayounganisha ubongo na viungo vya mwili. Ugwe huo pamoja na ubongo huzungukwa na maji maangavu, ambayo mwili hutengeneza takriban nusu lita kila siku na kuyafyonza tena. Njia ya maji hayo ikibanwa, maji huweza kukusanyika ndani ya ugwe wenyewe na kufanya uwazi unaopanuka polepole na kuziminya neva kutoka ndani.

Sababu kuu ni kasoro iliyoelezwa na Hans Chiari mwaka 1891, ambapo sehemu ya chini ya ubongo hushuka na kuziba njia inayoelekea shingoni. Sababu nyingine ni majeraha ya mgongo, uvimbe ndani ya ugwe, na makovu yanayoachwa na homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ile inayoletwa na kifua kikuu. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi pia wamo hatarini.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ugonjwa huu, hata hivyo, mgonjwa hafichi lolote. Maradhi ndiyo yanayojificha. Neva zinazopeleka habari za maumivu na joto huvukana katikati ya ugwe, mahali hasa ambapo uwazi huo huanzia. Zile za mguso mwepesi hupita nyuma, nazo husalimika kwa muda mrefu. Kwa hivyo mgonjwa huhisi akiguswa mkono, lakini hahisi moto wala kisu. Ganzi hiyo mara nyingi huenea mabegani na mikononi, mfano wa sehemu inayofunikwa na shuka. Baadaye misuli ya viganja hukonda. Wengine huumwa na shingo, au na kichwa wanapokohoa, na mgongo wa mtoto huweza kupinda upande.

Vidonda visivyouma huweza kumfanya mhudumu kudhani ni ukoma. Tofauti ni kwamba mwenye ukoma kwa kawaida hupoteza pia hisia ya mguso, huwa na mabaka ya ngozi, na neva zake huweza kuvimba.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mtambo. Pini safi, chupa ya maji moto kiasi na nyingine ya maji baridi zatosha kumwonyesha mhudumu kwamba maumivu na joto vimepotea ilhali mguso upo. Hatua ya pili ndiyo ghali. Picha ya eksirei huonyesha mifupa tu, na inaweza kuwa safi kabisa wakati ugwe unaharibika. Kabla ya MRI kuenea katika miaka ya 1980, madaktari walidunga dawa ya rangi mgongoni na kupiga picha. Leo MRI ndiyo inayothibitisha, kwa sharti kwamba ionyeshe mahali kichwa kinapokutana na shingo na vilevile mgongo mzima.

Jijini Nairobi, umbali si kisingizio. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ipo Upper Hill, na hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo ipo Kilimani, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kawangware au Kangemi. Kizuizi kiko kati ya zahanati ya mtaani na mtambo wa MRI. Mgonjwa anayepewa vidonge vya maumivu na kuambiwa eksirei haina kasoro hana sababu ya kutafuta rufaa.

Suala hili lina uzito zaidi tangu bodaboda zilipoongezeka baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008. Kila mwaka tangu 2021, ajali za barabarani zimeua zaidi ya watu 4,000 nchini. Miongoni mwa wanaonusurika wamo waliovunjika mgongo, na kwao uwazi wa maji huweza kujitokeza miezi au hata miongo kadhaa baadaye. Aliyepooza miguu akianza kupoteza nguvu za mikono, huo si uchovu wa kusukuma kiti cha magurudumu. Ni sababu ya kupigwa picha upya.

Upasuaji hulenga kufungua njia ya maji au kuyatoa kwa mrija. Mara nyingi huzuia hali kuzidi kuwa mbaya, lakini hisia zilizokwisha kupotea huenda zisirudi. Wenye uwazi mdogo usio na dalili hufuatiliwa tu.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mjadala wa umma umeelemea kuhusu nani analipa na kiasi gani. Ni haki kuuliza hayo. Lakini fedha za MRI hazimfai mgonjwa ambaye hakuna aliyeshuku maradhi yake, na shaka ya daktari haimfai asiyeweza kulipia picha. Wizara ya Afya na kaunti zapaswa kuhakikisha kwamba kila mwenye ganzi ya mikono anapimwa kwa pini na joto katika kituo cha kwanza, na kwamba kila aliyeumia mgongo ana tarehe ya kurudi kliniki hata baada ya kidonda kupona.