Alumini Isifukuzwe Karakanani

Muhula huu kumekuwa na maneno mengi katika Chama cha Ufundi juu ya mifano ya magari na majahazi itakayoonyeshwa Siku ya Wazazi. Wako wenzetu watakao itengenezwe kwa makopo ya maziwa na waya wa shaba tu, kwa kuwa hivyo hushika lehemu bila taabu. Alumini na chuma kisichoshika kutu wataka vitupwe, ati ni vikaidi. Mimi sikubaliani nao.

Kwanza, ukaidi huo una sababu. Alumini ikipata hewa hujifunika mara moja utando mwembamba usioonekana kwa macho. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, bali utando wake hauyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Lehemu yetu ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183. Basi azidishaye moto anajisumbua bure. Lehemu itaviringika kama maji juu ya jani la myugwa.

Dawa ni kuuondoa utando na kuizuia hewa. Sugua kwa msasa mahali pa kuungia, tia tone la mafuta ya cherehani, kisha ukwangue tena chini ya mafuta hayo. Yeyusha lehemu papo hapo, ukisugua kwa ncha ya chuma cha moto mpaka ishike. Fanya hivyo pande zote mbili, ndipo uziunganishe. Chuma cha kulehemu kiwe kikubwa, maana alumini hutawanya joto upesi. Kiungo kikipoa kisafishwe na kupakwa rangi, kwani unyevu hukila. Ama chuma kisichoshika kutu, chataka dawa yenye asidi ya fosfori, kisha kioshwe vizuri kwa maji. Dawa ya utomvu tutumiayo kwa nyaya za redio haikiwezi.

Pili, tutakapotoka hapa kwenda kujifunza kazi kwa mafundi, hakuna atakayetuuliza twapenda madini gani. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Wapinzani wangu husema lehemu hununuliwa kwa fedha za wazazi, na majaribio huipoteza. Hilo ni kweli. Kwa hiyo Kidato cha Kwanza waanze na makopo, na alumini waachiwe Kidato cha Tatu na cha Nne, kila mmoja akipewa lehemu ya urefu wa kidole kwa majaribio juu ya vipande vya kutupwa. Tena madirisha yafunguliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, maana risasi ni sumu.

Nawaomba walimu wetu Siku ya Wazazi waturuhusu meza moja tu ya mifano ya alumini. Wazazi waishike kwa mikono yao na kuvivuta viungo. Vikiachana, nitanyamaza.