Simu iliyofungwa ng'ambo: haki iko kwa nani, hasara iko kwa nani?

Tangu mabanki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, simu si kitu cha kuongelea tu. Kwa wakaaji wengi ndiyo sanduku la feza. Mshahara, feza ya masomo ya watoto, msaada wa ndugu walio mbali, vinapita kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ndiyo maana simu yenye kukataa karte SIM ya hapa si shida ndogo: mwenyewe amelipa dola nyingi, na hawezi kupokea hata franga moja.

Mara nyingi simu hizo hazikufungwa huku. Zinatoka Marekani ao Ulaya, zinafika sokoni kupitia Dubai ao Kampala, ao katika valizi ya ndugu. Kule, operateri anampa mteja simu ya bei kali, naye analipa kidogo kidogo kila mwezi. Ili mteja asikimbilie kwa mwingine, simu inafungwa: inapokea karte ya operateri yule peke yake. Kuondoa kifungo hicho ndiyo watu wanaita kudebloke.

Sheria inasema nini? Inategemea nchi ambako simu iliuzwa. Marekani iligeuka mara mbili kwa muda mfupi. Kuanzia tarehe 26 Januari 2013, simu mpya haikuruhusiwa kudeblokiwa bila operateri kukubali. Raia zaidi ya 100 000 walitia sahihi kupinga, na tarehe 1 Agosti 2014 rais Barack Obama alitia sahihi sheria yenye kurudisha ruhusa. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha operateri kufungua simu ambayo haijalipwa yote. Kanada, tangu Desemba 2017, simu zinauzwa wazi. Uingereza nayo ilikataza maoperateri kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Basi, kudebloke si wizi. Ila haki ya kuomba iko mkononi mwa yule aliyefanya mkataba na operateri. Yeye akiomba mbele ya kutuma simu, na kama ameisha kulipa, mara nyingi inafunguliwa bure na kwa daima. Simu ikishavuka bahari, mnunuzi wa Uvira ao Beni hana mkataba kule, operateri hamjui. Anabakia na fundi tu.

Na fundi naye anakutana na vifungo vya namna tatu, ambavyo watu wengi wanavichanganya. Cha kwanza ni cha operateri, ndicho cha kudebloke. Cha pili ni cha akaunti, kama ile ya iCloud: mwenyewe wa zamani hakutoa jina lake. Yeye anaweza kulitoa hata akiwa mbali, kupitia intaneti. Akikataa, simu inabaki kama jiwe. Cha tatu ni orodha nyeusi. Simu iliyotangazwa kama imeibiwa, ao ambayo deni lake halikulipwa, namba yake ya IMEI inawekwa kwenye orodha ambayo maoperateri wa nchi mbalimbali wanapashana. Kudebloke hakuitoi humo.

Neno IMEI, Wakongomani walilizoea kwa uchungu wakati wa RAM. Kuanzia mwaka 2020 waliondolewa initi kwa jina la kuandikisha simu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na kupita, mpaka kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2022. Walielezwa kwamba ni kwa kupiganisha simu za wizi na za bandia. Kodi ilikwenda, lakini namba inabaki kuwa kitambulisho cha simu. Fundi mwenye kuahidi kuibadilisha anauza hatari: Uingereza, kwa mfano, inahesabu tendo hilo kuwa kosa la jinai tangu mwaka 2002. Na huku Kongo, sheria ya makosa inaadhibu « recel », yaani kupokea ao kuficha kitu cha wizi. Muchuruzi akiisha kuhama kibanda, mwenye kuulizwa na polisi ni yule aliyekutwa na simu mfukoni.

Kuna pia dawa ya muda. Kwa iPhone, wengine wanaweka chini ya karte SIM kipande chembamba chenye kuidanganya simu. Inafanya kazi leo. Kesho programu ikifanywa upya, rezo inapotea. Na kwa simu zenye kufunguliwa kwa kodi, kubahatisha namba mara nyingi kunaweza kuifunga moja kwa moja.

Hivyo uchunguzi unapaswa kufanyika mbele ya kulipa. WhatsApp kufunguka kwa Wi-Fi ya butiki hakuonyeshi kitu, sababu Wi-Fi haihitaji karte. Mnunuzi aingize karte yake, aangalie kama hakuna kipande chini yake, apige simu, afungue menyu ya feza. Apige *#06#, alinganishe IMEI na ile ya boksi na ya faktiri. Kwa iPhone, kwenye Réglages, Général, Informations, mahali pa operateri paandikwe kwamba SIM haina kizuizi. Na iPhone 14 na zinazofuata zilizouzwa Marekani hazina nafasi ya karte kabisa: zinatumia eSIM. Huyo aulize kwanza operateri wake kama anaitoa katika mji wake.

Ndugu wa Ulaya mwenye kutaka kusaidia familia angeanza kwa kumwomba operateri wake afungue simu, kisha atoe akaunti yake na kutuma faktiri pamoja nayo. Kwake ni kazi ya siku chache. Kwa mama wa Bukavu mwenye kungojea feza ya dawa, kazi hiyo ikisahaulika, hakuna mlango mwingine wa kubisha.