Kiwanda Bila Mafundi Hakitoi Dawa

Umoja wa Afrika unataka ifikapo mwaka 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani ziwe zimetengenezwa humu humu, na mjini Kigali kampuni ya Kijerumani ya BioNTech ilipokea makontena ya kwanza ya kiwanda chake mwaka 2023. Mashine hununuliwa, wa kuziendesha hufunzwa kwa miaka. Mjini Moshi, Tanzania, walilitambua hilo mapema: chuo cha famasia cha Kilimanjaro, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kilianzisha mafunzo ya juu ya utengenezaji wa dawa viwandani, ambako wanafunzi walitengeneza vidonge na kuvipima wenyewe. Kipimo kimoja tu kinaonyesha ugumu wa kazi yenyewe: vidonge hutiwa kwenye pipa dogo, huzungushwa mara 100, kisha hurudishwa kwenye mizani; vikipungua uzito kwa zaidi ya asilimia moja, vimefeli. Tarakimu ikikosewa kwenye kumbukumbu za kipimo haifutwi. Hupigwa mstari mmoja, ikabaki inasomeka, na aliyeisahihisha akatia saini na tarehe. Nidhamu hiyo haipatikani ubaoni. Sasa kumbukumbu hizo zinahamia kwenye kompyuta, hivyo mfamasia aliyeandaliwa kwa kaunta ya duka la dawa pekee hatoshi tena. Viwanda navyo visikae kusubiri mhitimu aliyeiva: viwapokee wanafunzi tangu mwaka wa pili wa masomo, na serikali zinazovipa misamaha ya kodi ziliandike sharti hilo kwenye mikataba.